Bumu, Geto na Moto: Somo la Bima na Akiba ya Dharura



Nilipokuwa mwaka wa pili, geto letu kule Changanyikeni liliungua. Si nyumba nzima, bali vyumba vitatu vya upande wa nyuma, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa chetu, mimi na rumeti wangu. Moto ulianzia chumba cha jirani, kwenye waya wa kuunganishia umeme uliokuwa umebebeshwa pasi, redio na chaja tatu kwa mpigo. Sisi tulikuwa kipindini. Tuliporudi saa kumi jioni tulikuta godoro limekuwa majivu, laptopu imeyeyuka kama mshumaa, na kopo la maziwa nililoligeuza kibubu limebaki na sarafu nyeusi tupu. Noti zilizokuwamo, kama sh. 85,000 hivi, zilikuwa hazitambuliki.

Mama mwenye nyumba alituita uani akasema, "Poleni wanangu. Msihofu, nyumba ina bima." Nililala kwa jamaa siku hiyo nikiwa na amani kabisa. Wiki mbili baadaye nikaambiwa ukweli: bima ilikuwa ya jengo. Kuta, bati, milango na madirisha yatarudi. Godoro langu halikuwamo, laptopu yangu haikuwamo, na mimi mwenyewe sikuwamo popote kwenye yale makaratasi.

Sasa angalieni tofauti yetu sisi wawili tuliolala chumba kimoja. Rumeti wangu alikuwa na sh. 240,000 benki, pesa aliyokuwa akiidondosha kidogokidogo kila bumu likiingia. Siku ya nne alikuwa na godoro jipya, ndoo, sufuria na shuka, na alikuwa kipindini kama kawaida. Mimi nilikopa sh. 100,000 kwa mtu wa mtaani, wale tunaowaita kausha damu, kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Miezi mitatu mfululizo nililipa riba tu, 30,000 kila mwezi, na mwezi wa tatu ndipo nikamalizia na deni lenyewe. Piga hesabu: nimekopa 100,000, nimerudisha 190,000. Katikati ya hayo nilipiga pasi ndefu mpaka mkanda ukaongezwa tundu, na kwa kuwa kazi zangu zote zilikuwa kwenye ile laptopu, nikaingia sapu mbili.

Ndiyo maana ninaandika somo hili. Si somo la matajiri. Ni la mtu mwenye godoro, jiko la gesi, simu na bumu.

Bima na akiba si kitu kimoja

Wengi wetu tunavichanganya hivi vitu viwili, kwa hiyo tuanze na maana.

Akiba ya dharura ni pesa yako mwenyewe uliyoitenga ili ikusaidie jambo la ghafla likitokea. Ukiwa na 100,000, msaada wako ni 100,000, haizidi hapo. Usipopatwa na jambo, pesa bado ni yako.

Bima ni mfuko wa watu wengi. Kila mmoja anatoa kidogo, na yule aliyepatwa na hasara ndiye anayelipwa. Jambo hili si geni kwetu. Kijijini kwenu kuna chama cha kufa na kuzikana. Kila kaya inatoa chake, na mwaka huu pengine misiba imeziangukia kaya tatu tu. Wasiofiwa hawadai warudishiwe pesa yao, maana walichonunua ni uhakika kwamba wakifiwa hawatazika peke yao. Hata ile sh. 50,400 ambayo wengi wetu tumezoea kulipia kitambulisho cha bima ya afya kwa mwaka inafanya kazi hivyohivyo. Usipougua hairudi, ukifanyiwa upasuaji inalipa mara nyingi zaidi ya ulichotoa.

Bima ya nyumba kwa sura tunayoijua leo ilizaliwa na moto. Septemba 1666 jiji la London liliungua siku kadhaa na nyumba zaidi ya 13,000 zikateketea. Mwanzoni mwa miaka ya 1680, Nicholas Barbon akaanza kuuza bima ya moto kwa wenye nyumba wa jiji hilo. Hapa kwetu Shirika la Bima la Taifa, NIC, lilianzishwa 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likawa ndilo pekee linalouza bima nchini. Katika miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa kampuni binafsi. Leo kampuni ni nyingi, na msimamizi wao ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Kutokana na maana hizo mbili tunapata kanuni ya kwanza ya somo letu: hasara ndogo zinazotokea mara kwa mara zibebwe na akiba, hasara kubwa zinazotokea kwa nadra zibebwe na bima. Kioo cha simu kikivunjika, tumia akiba. Geto likiungua lote, hapo ndipo bima inapohitajika. Ukikata bima kwa ajili ya vitu vidogo, ada itakumaliza. Ukitegemea akiba ikulindie vitu vyote vya ndani, siku ya moto utaona ilikuwa ndogo.

Bima ya vyombo vya ndani: inalipa nini na hailipi nini

Bima ya nyumba ina sehemu mbili kuu: jengo na vitu vilivyomo ndani. Mwenye nyumba anaweza kukata zote mbili, lakini vitu anavyoviwekea bima ni vyake, si vyako. Sheria ya bima inataka anayekata bima awe na maslahi katika kitu hicho, yaani kikiharibika yeye ndiye anayeumia. Mama mwenye nyumba wetu hakuumia laptopu yangu ilipoyeyuka. Niliumia mimi, kwa hiyo ni mimi niliyepaswa kuikatia bima. Mpangaji anaruhusiwa kukata bima ya vitu vyake bila kuwa na nyumba.

Kwa kawaida bima ya vyombo vya ndani hulinda dhidi ya moto, radi, mlipuko, kupasuka kwa mabomba ya maji, na wizi wa kuvunja. Mafuriko mara nyingine yamo, mara nyingine yanaongezwa kwa ada ya ziada. Wewe unayepanga bondeni, soma hapo mara mbili. Waliokuwa Bonde la Msimbazi Desemba 2011 wanajua maji yanavyoweza kuingia usiku mmoja na kuondoka na kila kitu. Wengine walihamishiwa Mabwepande wakaanza maisha upya.

Sasa yale yanayowashtua watu siku ya kudai:

Kwanza, wizi. Mikataba mingi inataka kuwe na alama za kuvunja: kitasa kilichong'olewa, nondo zilizokatwa. Kama uliacha mlango wazi ukaenda kuchota maji, ukarudi simu haipo, usitegemee kulipwa.

Pili, vitu vya kubeba. Bima ya kawaida inalinda kitu kikiwa ndani ya nyumba. Laptopu ikiibiwa kwenye daladala au ukaisahau kimbwetani, haimo, isipokuwa umeiandikisha kwenye kipengele cha vitu vya kubeba na ukalipia nyongeza.

Tatu, pesa taslimu. Ama hazilipwi kabisa, ama zinalipwa kwa kikomo kidogo sana. Kibubu changu kisingelipwa hata kama ningekuwa na bima.

Nne, uchakavu. Godoro la miaka minne likiungua, kampuni inaweza kulipa thamani ya godoro la miaka minne. Ipo mikataba inayolipa bei ya kitu kipya, lakini ada yake ni ya juu zaidi. Uliza kabla ya kusaini.

Tano, uwongo. Bima inasimama juu ya uaminifu wa hali ya juu. Ukiulizwa kama chumba kinatumika kwa biashara ukasema hapana, kumbe unauza gesi hapohapo, umewapa sababu ya kukataa dai lako.

Kupunguza ada bila kujipunja

Ada ya bima hupangwa kwa kuangalia thamani ya vitu na hatari iliyopo. Tuchukue mfano wa darasani, siyo bei ya kampuni yoyote. Vitu vyako vyote vina thamani ya sh. 2,000,000, na kiwango ni asilimia 1.5 kwa mwaka. Ada ni 30,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, ambayo ni 5,400, jumla 35,400 kwa mwaka. Ni chini ya sh. 100 kwa siku. Kampuni nyingi huweka kiwango cha chini cha ada, kwa hiyo mtu mwenye vitu vichache anaweza kutajiwa ada kubwa kuliko hesabu hiyo. Zifuatazo ni njia za kupunguza.

Njia ya kwanza: andika thamani ya kweli, isizidi wala isipungue. Ukizidisha, unalipia hewa, maana bima hukurudisha ulipokuwa, haikutajirishi. Ukipunguza ili ada iwe ndogo, unaumia kwa kanuni ya uwiano. Vitu vyako vina thamani ya 2,000,000, wewe ukaandika 1,000,000. Maana yake umelinda nusu tu. Laptopu ya 600,000 ikiungua, kampuni italipa nusu, 300,000, halafu bado itatoa ile sehemu unayotakiwa kubeba mwenyewe. Umeokoa elfu kumi na kitu za ada, umepoteza laki tatu.

Njia ya pili: kubali kubeba sehemu ya hasara. Kila mkataba una kiasi ambacho mwenye bima anabeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Watu wa bima hukiita ekses. Kadiri unavyokubali kubeba kikubwa, ndivyo ada inavyoshuka. Mfano: mkataba A una ekses ya 50,000 na ada ya 40,000, mkataba B una ekses ya 150,000 na ada ya 28,000. Ukichukua B unaokoa 12,000 kila mwaka, lakini siku ya hasara unabeba 100,000 zaidi. Gawanya 100,000 kwa 12,000 upate nane na kidogo. Kwa hiyo B inakufaa kama unatarajia kudai chini ya mara moja kwa miaka minane, NA kama una ile 150,000 mkononi. Hapa ndipo akiba na bima zinapokutana. Asiye na akiba analazimika kununua bima ya bei ya juu. Mwenye akiba anaweza kuchagua ya bei nafuu.

Njia ya tatu: punguza hatari, halafu uiseme. Nondo dirishani, kufuli zuri, kizima moto kidogo nje ya mlango, mtungi wa gesi uliowekwa mahali penye hewa. Muulize wakala: "Nikiwa na hivi, ada inashuka kiasi gani?" Usipouliza hakuna atakayekupa punguzo. Na hata kama haishuki, ule waya wa kuunganishia umeme usiubebeshe pasi na jiko kwa wakati mmoja. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Siku ile kwetu watu walikimbizana na ndoo dakika nyingi kabla mtu mmoja hajakumbuka kupiga.

Njia ya nne: linganisha. Wakala huuza bima kwa niaba ya kampuni, dalali wa bima anafanya kazi kwa niaba yako wewe mteja na anaweza kukuletea bei za kampuni kadhaa. Omba angalau bei tatu, ukitaja vitu vilevile na thamani ileile, la sivyo utakuwa unalinganisha embe na nanasi. Kwa wale wanaotaka mfumo unaofuata misingi ya Kiislamu, siku hizi takaful ipo nchini. Ilinganisheni kwa vipengele vilevile.

Njia ya tano: lipa kwa mwaka na usikatizekatize. Mteja asiyedai kwa muda ana nguvu ya kuomba punguzo anapohuisha mkataba. Dai dogo la elfu sabini linaweza kukunyima punguzo hilo, na ndiyo sababu nyingine ya kuachia akiba ibebe madogo.

Njia ya sita: unganeni. Mkikaa wawili, majina yote mawili yaandikwe kwenye mkataba, na vitu vya kila mmoja vijulikane. Hapa nina neno kwa viongozi wetu. Mwanafunzi mmoja mwenye vitu vya milioni moja na nusu havutii kampuni yoyote. Wanafunzi mia tano wanaopanga nje ya chuo wanavutia. Serikali ya wanafunzi ikikaa mezani na madalali wawili watatu ikaomba bei ya kikundi, itakuwa imetufanyia jambo kubwa kuliko tamasha la kuwakaribisha mwaka wa kwanza.

Kabla hujatoa pesa, hakiki kwamba kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA, na ukishalipa hakiki hati yako kwenye mfumo wao. Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni, usimpe mtu mkononi. Bila ada kupokelewa, hakuna bima. Ukitokea mgogoro wa madai na kampuni, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, usikimbilie kukata tamaa.

Akiba ya dharura: hesabu ya bumu

Sasa twende kwenye akiba. Najua mtu anasema, "Bumu lenyewe halitoshi, niweke akiba ya nini?" Tupige hesabu tuone.

Kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 fedha ya kujikimu ilipanda kutoka sh. 8,500 hadi sh. 10,000 kwa siku. Awamu ya siku 60 ni sh. 600,000, yaani 300,000 kwa mwezi. Huyu hapa mwanachuo wa mfano, anayekaa chumba cha 100,000 na mwenzake:

Kodi, nusu yake: 50,000.
Chakula, 5,000 kwa siku: 150,000.
Nauli: 30,000.
Bando: 15,000.
Maji, umeme, gesi na sabuni: 20,000.
Jumla kwa mwezi: 265,000.

Zinabaki 35,000 kwa mwezi, sawa na 70,000 kwa kila bumu. Wengi hufikia hapa wakafurahi. Lakini kuna mtego. Bumu linakuja kwa awamu nne, karibu miezi minane. Kodi ni ya miezi kumi na miwili. Ile miezi minne ya likizo chumba kinakusubiri, na nusu yako ni 200,000. Igawe kwa awamu nne: kila bumu litenge 50,000 ya kodi ya likizo. Kwa hiyo katika 70,000 zinabaki 20,000 tu. Wasiopiga hesabu hii ndio wanaorudi chuoni mwezi wa kumi wakakuta mwenye nyumba amesimama mlangoni, kisha wanakwenda kwa kausha damu na kusema wamepata dharura. Kodi si dharura. Tarehe yake inajulikana.

Hizo 20,000 ziende akiba siku ileile bumu linapoingia, kabla hujanunua hata kiatu. Ukisubiri zibaki, hazitabaki. Halafu ongeza jero moja kwa siku kutoka kwenye chakula: soda moja, au chapati ya pili. Kwa siku 60 hiyo ni 30,000. Jumla 50,000 kwa bumu.

Malengo ninayapanga kwa hatua:

Hatua ya kwanza ni sh. 100,000. Kwa mwendo wa 50,000 unafika bumu la pili. Kiasi hiki kinabeba nauli ya msiba, dawa zisizo kwenye bima ya afya, au kioo cha simu.

Hatua ya pili ni gharama za mwezi mmoja, 265,000. Unafika bumu la sita, yaani katikati ya mwaka wa pili. Hapa hata bumu likichelewa wiki tatu, na tunajua huwa linachelewa, hukopi mtu.

Hatua ya tatu ni miezi mitatu. Hii ni ya baada ya kuhitimu, ukiwa na kipato. Mwenye ajira ya mshahara wa uhakika miezi mitatu inamtosha. Mwenye vibarua au biashara apeleke mpaka sita, kwa kuwa kipato chake hakina ratiba. Na wahitimu wakumbuke, Bodi ya Mikopo itaanza kukata sehemu ya mshahara, kwa hiyo pigeni hesabu kwa mshahara unaobaki.

Asiye na mkopo, anayetegemea nyumbani, afanye hivyohivyo kwa kila anachotumiwa, hata kama ni 5,000 katika 50,000. Anayepata kitu cha pembeni, tuisheni, kuchapa kazi za watu, kusuka nywele, atenge robo ya kipato hicho. Pesa ya pembeni ndiyo inayokuza akiba haraka, kwa sababu maisha yako hayajaizoea.

Na dharura ni nini? Kabla hujaigusa pesa hiyo jiulize maswali matatu. Je, sikulitarajia? Je, ni la lazima? Je, haliwezi kusubiri? Jibu likiwa ndiyo mara tatu, toa pesa bila kujilaumu, ndiyo kazi yake. Ugonjwa, msiba, kitasa kilichovunjwa, laptopu iliyokufa wiki moja kabla ya kuwasilisha utafiti: ndiyo. Mchango wa harusi, simu mpya, nguo ya mahafali: hapana. Hayo ni mipango, yatafutieni mfuko wake.

Pesa ikae wapi

Isikae ndani. Mimi ni shahidi. Kibubu kinaungua, kinaibiwa, na siku ya njaa kinafunguliwa kwa kisu.

Isikae pia kwenye laini unayonunulia bando. Pesa unayoiona kila saa unaizoea, kisha unaila. Fungua akaunti ya akiba ya benki, ile isiyo na makato ya kila mwezi, na kadi yake uiache nyumbani. Benki zetu zina ulinzi wa Bodi ya Bima ya Amana: benki ikifilisika, mteja analindwa mpaka sh. 7,500,000, kiwango kilichopandishwa mwaka 2023 kutoka 1,500,000. Akiba ya mwanachuo inaingia humo yote.

Ukishavuka hatua ya kwanza, sehemu inayozidi unaweza kuipeleka kwenye mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambako inakua kidogo na unaipata ndani ya siku chache za kazi. Lakini ile 100,000 ya kwanza ibaki mahali pa kuipata siku hiyohiyo, maana homa haisubiri siku za kazi.

Mchezo wa kijumbe na vikoba ni vizuri kwa malengo, kama kununua godoro au jiko. Kwa dharura vina kasoro moja: zamu yako ikiwa ya nane, na ukaugua mwezi wa pili, utasubiri.

Mikopo ya kwenye simu nayo si akiba. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni. Nyingine zilikuwa zikiwapigia ndugu na marafiki wa mkopaji kumdhalilisha. Fikiria mwalimu wako wa utafiti anapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli kwa sababu ya elfu thelathini.

Kipi kianze?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Jibu langu: anza na akiba mpaka 100,000. Halafu hesabu vitu vyako. Kama vyote vikiungua leo unaweza kuvirudisha kwa gharama ya miezi miwili, endelea na akiba, bima isubiri. Kama kuna kitu kimoja au viwili ambavyo huwezi kuvirudisha, na masomo au mkate wako unavitegemea, kata bima ya hivyo mapema hata kabla akiba haijakomaa. Mwenzetu mwenye mashine ya kuchapa na kutoa nakala asingoje hatua ya pili.

Zoezi la wiki hii

Moja. Kaa ndani na daftari uandike kila kitu chako, mwaka ulionunua, na bei ya kukinunua leo. Jumlisha. Wengi mtashangaa kwamba lile geto mnaloliita tupu lina milioni na zaidi.

Mbili. Piga picha za vitu hivyo na namba za usajili za laptopu na simu, pamoja na risiti za mashine, kisha utume kwenye barua pepe yako. Picha zikikaa kwenye simu itakayoungua hazina maana. Kazi zako za masomo nazo zihifadhi hukohuko.

Tatu. Muulize mwenye nyumba kwa heshima: "Mama, nyumba ina bima? Inalinda nini?" Sikiliza vizuri neno "jengo".

Nne. Bumu lijalo likiingia, hamisha 20,000 na 50,000 ya kodi kabla hujatoka kwenye foleni ya benki.

Tano. Likitokea la kutokea, usifagie kwanza. Piga picha, ripoti polisi upate namba ya RB, na utoe taarifa kwa kampuni ya bima siku hiyohiyo au inayofuata. Madai mengi huharibika kwa kuchelewa.

Zile sapu mbili nilizifaulu, deni likaisha, na leo nina kitabu cha benki chenye kiasi kisichozidi cha mwalimu wa shule ya msingi kwa mwezi. Rumeti wangu bado ni rumeti wangu. Siku moja nilimuuliza kwa nini hakunikopesha wakati ule. Akanijibu, "Uliniomba baada ya kuwa umeshakopa kwa yule jamaa." Ni kweli. Niliona aibu kumwambia mtu niliyelala naye chumba kimoja kwamba sina hata mia. Kwa hiyo ndugu msomaji, kama jambo limekukuta na akiba bado hujaanza, anza kwa kumwambia mwenzako kabla hujaenda kwa kausha damu. Halafu bumu likiingia, hamisha ile 20,000.